Saa iliyomdai bibi harusi namba ya siri

Nilikuwa Unguja, kwenye ua wa nyumba yenye harusi, nimekaa kwenye kona ya mkeka namtazama mtu akitumia kitu nilichokisanifu. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyekuwa akitujaribia. Alikuwa amevaa saa janja yetu wiki mbili nzima bila lalamiko. Siku ile akapakwa hina na piko, maua meusi yakaanzia kwenye kucha yakapanda hadi juu ya kifundo cha mkono. Piko ilipokauka akairudisha saa mkononi, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Kila akiinua mkono, saa inamdai namba ya siri. Anaandika, inafunguka. Anashusha mkono, anainua, inamdai tena. Mara ya sita akaivua, akampa mdogo wake: "Mrudishie kaka saa yake, imeshanisahau."

Ua mzima ukacheka. Mimi nikatoa daftari.

Kazi yangu ni kusanifu programu za vifaa vya kuvaa, hasa saa janja, na mara mojamoja vikuku vya kuhesabu hatua. Watu huniuliza kama ni sawa na kusanifu programu za simu, ila kwa kioo kidogo. Zamani nilikuwa najibu "karibu sawa". Siku hizi nasema hapana. Simu unaitoa mfukoni ukiwa umeamua kuitumia. Saa iko mkononi wakati mkono unafanya mambo mengine: unapakwa piko, unakuna nazi, umeshika usukani, unatawadha. Mkono haukuvaa saa ili uitumikie.

Turudi kwenye piko. Geuza saa janja uone mgongo wake: kuna taa ndogo za kijani. Zinamulika ngozi mamia ya mara kwa sekunde, na pembeni yake kuna kihisi kinachopima mwanga unaorudi. Damu hunywa mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu inajaa kwenye mishipa midogo, mwanga unaorudi unapungua. Pigo likipita, mwanga unaongezeka. Saa inahesabu huko kupanda na kushuka, kisha inakwambia mapigo yako ni 72. Saa yetu iliutumia mwanga huohuo kujua kama imevaliwa au imevuliwa. Sasa weka rangi nzito kati ya taa na damu. Mwanga unaishia njiani, saa haioni mapigo, inaamini imevuliwa, na kwa kuwa tumeifundisha kumwogopa mwizi, inajifunga.

Jambo hili halikuwa geni duniani. Saa ya kwanza ya Apple ilipoingia sokoni mwaka 2015, wenye tatuu kwenye kifundo cha mkono walilalamika vivyo hivyo. Nilikuwa nalijua. Ila kichwani mwangu tatuu ilikuwa habari ya wachache, na piko haikunijia kabisa, mimi niliyezaliwa Tanga na kuona dada zangu wote wakipakwa. Hilo liliniuma kuliko hitilafu yenyewe.

Tulichofanya ni kutafuta shahidi wa pili. Mwanga ukipotea, saa inauliza kwanza kihisi mwendo: je, kuna ule msukosuko wa mtu anayefungua mkanda na kuuteleza mkononi? Kama haupo, saa inabaki wazi. Lakini mwizi naye anaweza kuivua taratibu, kwa hiyo tukagawa mambo: malipo yanafungwa papo hapo mwanga unapopotea, ila saa, hatua na ujumbe vinaendelea kuonekana. Bibi harusi hatalipia kitu kwa saa siku ya harusi yake. Anataka kujua saa ngapi tu.

Rangi ya ngozi yenyewe nayo ina neno lake hapa, maana melanini, ile rangi ya asili inayoifanya ngozi iwe nyeusi, pia hunywa mwanga wa kijani. Desemba 2020, watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha kwenye jarida la tiba la New England kwamba vile vibanio vya kidole vya kupimia oksijeni hospitalini vilishindwa kuonyesha upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kibanio ni kifaa kingine, na kinatumia mwanga mwekundu na ule usioonekana. Lakini tangu niisome habari ile siamini namba yoyote inayotoka kwenye taa na ngozi mpaka nijue imejaribiwa kwa mikono ya nani.

Kwetu ilizaa kanuni moja iliyoleta ugomvi ofisini: mwanga unaorudi ukiwa dhaifu, usionyeshe namba. Onyesha mstari mfupi, na chini yake uandike "Kaza mkanda kidogo". Mwenzangu wa mauzo alisema mteja akiona mstari atadhani saa mbovu. Nikamwambia mteja akiona 72 ilhali moyo unakwenda 130, saa ni mbovu kweli, ila yeye ndiye hajui. Tulibishana wiki nzima. Mstari ukabaki.

Baada ya Unguja niliacha kujaribia vitu mezani. Nilirudi Dar nikatafuta kijiwe cha bodaboda pale Kimara, nikawaomba vijana wawili wavae saa zetu kazini. Mmoja alinirudia siku ya kwanza jioni anacheka: "Bosi, hii saa inasema nimetembea hatua elfu kumi na moja. Mimi leo nimeshuka kwenye pikipiki kwenda kula chipsi tu."

Saa haioni miguu. Inachojua ni mtikisiko, na mtu anayetembea hutikisa mkono kama mara mbili kwa sekunde. Algoriti, yaani kanuni ya hesabu iliyo ndani ya saa, inatafuta mdundo huo. Barabara ya mashimo nayo ina mdundo. Kinyume chake, mama aliyetoka kisimani na ndoo kichwani, mkono mmoja umeishikilia, anatembea nusu kilomita na saa iliyo kwenye mkono huo inamhesabia hatua chache mno. Kazi yake haionekani. Ya boda hesabu yake ilinichekesha, ya mama huyu haikunichekesha.

Na hata hiyo elfu kumi ambayo kila kikuku kinamsukuma mtu kuifikia, asili yake ni tangazo. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ya Japani iliuza kipima hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Utafiti uliochapishwa 2019 juu ya wanawake wazee Marekani uliona faida inaacha kuongezeka zikifika kama hatua 7,500. Programu yetu sasa haianzi na elfu kumi. Inakutazama wiki ya kwanza, kisha inakuongezea kidogo.

Tatizo kubwa la boda halikuwa hatua, lilikuwa mtetemo. Ofisini saa ikitetemeka unaruka kwenye kiti. Kwenye pikipiki mkono wote unatetemeka kwa injini, kwa hiyo arifa inapita kama tone la mvua baharini. Jibu la haraka la wahandisi lilikuwa kuongeza nguvu ya mtetemo. Tukaongeza, betri ikaisha saa nane mchana, na wale vijana bado hawakusikia. Ndipo nikakaa nyuma ya pikipiki ya mmoja wao siku nzima nikahesabu: meseji ngapi zinahitaji jibu wakati tairi linazunguka? Hakuna hata moja. Karibu zote zilikuwa za kamati ya harusi ya binamu yake, kundi la WhatsApp la watu mia na kitu wanaokumbushana michango. Kinachomhusu akiwa njiani ni simu ya abiria, maana hiyo ni hela.

Kwa hiyo tukafanya hivi. Saa ikihisi mtetemo wa injini, inazishika meseji zote mpaka pikipiki isimame sekunde chache, kisha inatetemeka mara moja tu na kuonyesha idadi. Simu inapita muda wowote kwa mitetemo mirefu mitatu yenye mapengo, kwa sababu kinachoshtua ngozi iliyozoea mtikisiko ni mtikisiko kukatika na kurudi. Tukaishia na aina tatu za mtetemo kwa saa nzima. Awali nilikuwa nimebuni tisa, na nilijiona fundi. Hakuna mtu aliyeweza kutofautisha zaidi ya tatu, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kijana huyo huyo alinifundisha habari ya vitufe. Kioo cha kugusa kinategemea umeme mdogo wa kidole. Kikilowa jasho au mvua kinachanganyikiwa, kinajibonyeza chenyewe. Dar ya Februari ni jasho tupu. Jambo lolote la lazima kwenye saa, kama kupokea simu au kusimamisha alamu, kwetu lina kitufe cha kubonyeza. Saa za Pebble, zilizochangiwa na watu mtandaoni zaidi ya dola milioni 10 mwaka 2012, zilikuwa na vitufe vinne na hazikuwa na kioo cha kugusa kabisa. Kampuni ilifungwa 2016, lakini ninao watu ninaowajua waliolia.

Lugha sasa. Tulipopokea tafsiri ya kwanza ya programu, ilikuwa sahihi kisarufi na haivumiliki. Ukikaa sana saa inaandika "Simama!", amri ya trafiki. Ukihema inaandika "Pumua", kama nesi aliyekata tamaa. Na mwezi wa Ramadhani, saa saba mchana, ikawaambia watu waliofunga "Kunywa maji". Bibi mmoja wa Magomeni alinionyesha mkono wake: "Mwanangu, hii saa yako ina dini gani?" Nikasema shikamoo tena, maana sikuwa na jibu. Sasa ukiwasha saumu, maji yanakumbushwa baada ya magharibi na wakati wa daku, na hakuna amri popote. "Simama!" ikawa "Tunyooshe miguu?"

Kuna pia urefu. Kiswahili kinabeba sentensi ndani ya neno, na kioo cha duara kina upana wa sarafu. "Hujalikamilisha" peke yake linajaza mstari. Mimi huandika maneno kwanza, kwenye karatasi niliyoikata duara, kisha ndiyo nachora vitufe. Wengi hufanya kinyume, halafu wanapunguza herufi mpaka mtu mzima ahitaji miwani.

Lakini kilichonichukua miezi ni jambo ambalo ungedhani saa yoyote inalijua: saa ngapi. Tuna saa zetu, zinaanza jua linapochomoza. Kwenye saa ya mishale hakuna shida. Mshale mfupi uko kwenye 7, jicho linavuka kwenda ng'ambo, kwenye 1, mdomo unasema saa moja. Hatukokotoi, tunaona. Tarakimu zimetunyang'anya huko kuona. Ukiandikiwa 16:40, kichwa lazima kifanye hesabu mara mbili. Ndiyo maana wajaribuji wetu wenye umri mkubwa, wakipewa sura ishirini za saa wachague, walichagua zenye mishale, na mimi kwa muda mrefu nilidhani ni kupenda ya zamani.

Kisha ikaja alamu ya sauti. Mtu anaiambia saa: "Niamshe saa kumi na moja." Saa inaweka 11:00. Mtu huyo alitaka kuamka kabla ya jua, yaani 5:00, na amekosa basi la mkoani. Au labda alitaka 17:00. Tarakimu haitoshi, hata kwa sisi kwa sisi. Ndiyo maana tunasema alfajiri na jioni. Sasa saa huonyesha jibu lake kwa njia mbili kwa pamoja: "Saa kumi na moja alfajiri" kwa maneno makubwa, na 5:00 kwa udogo chini yake. Asiposema wakati, inamwuliza neno moja: alfajiri au jioni? Hakuna namba ya kubonyeza.

Siku nayo. Wengi wetu tunaanza siku magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa bibi wa Magomeni ni Alhamisi baada ya jua kuzama, na kwa mjukuu wake ni kesho yake. Ripoti ya usingizi ilipoandika "Ijumaa usiku ulilala saa 6", bibi alisema inadanganya. Tukaandika "usiku wa kuamkia Jumamosi", na wote wawili wakanyamaza. Maneno manne, mistari miwili kwenye kioo, na nilimnyima mhandisi ruhusa ya kuyafupisha.

Wiki iliyopita nilipita tena Kimara. Kijana wangu bado anavaa saa, ila ameigeuza: uso uko ndani, upande wa mshipa wa mkono. Akishika usukani anaiona bila kuusokota mkono. Ni wazo zuri kuliko yote niliyochora mimi, na limeharibu kila kitu, kwa sababu saa yetu huwaka inapohisi mkono umeinuliwa uso ukielekea juu. Yake haiwaki. Anaigonga na kidevu.

Jumatatu naenda na mhandisi, akae nyuma ya pikipiki mwenyewe.