Je, wajua kwamba mifupa miwili ya sikio lako ilianzia kwenye taya?

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na humo imeungana mifupa mitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Urefu wake ni kama milimita 3, na uzito wake ni miligramu chache tu. Kwa nini basi sauti ipitishwe huko, isiende moja kwa moja kwenye koklea, inakogeuzwa kuwa ishara za neva?

Sababu ni kwamba koklea imejaa maji, na sauti hutufikia kwa njia ya hewa. Sauti ya hewani ikigonga maji, takriban asilimia 99.9 ya nishati yake hurudishwa nyuma. Ndiyo maana ukizamisha kichwa majini huwasikii vizuri wanaozungumza juu.

Mifupa hii huziba pengo hilo. Sehemu ya kiwambo inayotikisika ina ukubwa wa milimita za mraba 55 hivi. Wayo wa kikuku, unaokaa kwenye kidirisha cha koklea, una milimita za mraba 3 na kidogo. Nguvu iliyokusanywa mahali papana inasukumwa yote mahali padogo, hivyo shinikizo linapanda kama mara 17. Nyundo na fuawe nazo hufanya kazi ya wenzo, zikaongeza mara 1.3. Ukizidisha 17 kwa 1.3 unapata zaidi ya mara 20, na maji ya koklea yanatikisika.

Linalonistaajabisha mimi zaidi ni asili ya mifupa yenyewe. Ndege na mijusi wana mmoja tu, ule unaolingana na kikuku chetu. Hiyo miwili mingine imetoka wapi? Mwaka 1837, mwanaanatomia Mjerumani Karl Reichert alichunguza viinitete vya nguruwe, akaona kwamba nyundo na fuawe huanza kukua palepale ambapo mijusi huwa na kiungo cha taya. Visukuku vilivyopatikana baadaye vilithibitisha: kwa mamilioni ya miaka mifupa hiyo ilizidi kuwa midogo, ikaacha kazi ya kutafuna, ikabaki na ya kusikia. Hata leo safari hiyo inaonekana kwa oposamu, mnyama wa Amerika. Kitoto chake huzaliwa nyundo ikiwa bado imeungana na taya la chini, na hutengana nalo baada ya wiki kadhaa, kitoto kikiendelea kunyonya.