Kialbania si mama wa lugha zote

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kwamba Kialbania ndiyo lugha kongwe kuliko zote duniani, na kwamba Kigiriki na Kilatini vilitokana nayo. Si kweli.

Kialbania ni tawi linalojitegemea katika familia ya lugha za Kihindi-Kiulaya. Kigiriki na Kilatini ni ndugu zake, si watoto wake. Andiko lake la zamani zaidi lenye tarehe ya uhakika ni sentensi moja ya ubatizo ya mwaka 1462, ilhali Kigiriki kiliandikwa kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Hii haina maana kwamba Kialbania kilizaliwa karne ya 15, la hasha. Kilisemwa muda mrefu kabla ya kuandikwa.

Kinachowachanganya wengi ni upweke wake: hakina ndugu wa karibu aliye hai. Lakini kubaki peke yako hakukufanyi babu wa ukoo. Kama kilitokana na Kiiliria, lugha ya kale ya magharibi mwa Balkani iliyokwisha kufa, wataalamu bado wanabishana, kwa kuwa kilichosalia cha Kiiliria ni karibu majina tu.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Fungua kamusi ya asili ya maneno ya Kialbania: utakuta mamia yaliyokopwa kutoka Kilatini, kama “mik”, yaani rafiki, kutoka “amicus”.