Maji yakipungua mtoni uchafu haupungui

Mwezi wa tisa mwaka jana nilishuka korongoni upande wa Gulwe kule Mpwapwa na chupa zangu za sampuli, mto Kinyasungwe ulikuwa mchanga mtupu, nikamkuta mama mmoja kachimba shimo la kumfika kiunoni anachota kwa kikombe cha plastiki anamimina kwenye dumu la lita 20, taratibu asije akavuruga. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, alafu kabla sijauliza kitu akaniambia haya maji masafi, yamechujwa na mchanga.

Na hajakosea. Mchanga unashika tope na vijidudu vingi, tena unayaficha maji jua lisiyamalize. Ila chumvi haishiki, na naitreti, kemikali inayotoka kwenye mbolea, haishiki, hivyo vinapita navyo mpaka kwenye kikombe.

Wananchi wanatuletea sisi tunaopima maji malalamiko mawili, huyu anasema maji hayatoshi, yule anasema maji mabaya, wanadhani ni mambo mawili. Ni jambo moja jamani. Weka kijiko cha chumvi kwenye ndoo kumi za maji, onja, husikii kitu, sasa kijiko kilekile weka kwenye ndoo moja. Huku kwetu Dodoma mvua ni kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili, kwaiyo miezi mingi mto hauna nguvu ya kusukuma kitu, na kale kamaji kaliobaki watu wa juu wamekavuta na pampu kumwagilia nyanya na vitunguu, wa chini anapokea kijiko bila ndoo.

Alafu umwagiliaji wenyewe unaongeza chumvi. Jua linachukua maji, chumvi haliichukui, ndo ule unga mweupe unaouona juu ya udongo shambani, mvua ya kwanza inausomba kuurudisha mtoni. Bwawa la Hombolo, karibu na Dodoma mjini, lipo toka 1957 na wanaolitumia wanajua maji yake yana chumvichumvi. Mbolea nayo ikiingia bwawani inalisha mwani, maji yanakuwa kijani, usiku ule mwani unavuta hewa iliyomo majini, ndo maana alfajiri unakuta perege wako juujuu wanahema.

Kinachoniumiza zaidi ni bomba la kupulizia dawa ya mazao. Kijana kamaliza kupulizia, anashuka mtoni analisuuza palepale, povu linaondoka na yeye anaona limeisha. Halijaisha. Na tusidanganyane kwamba tutachemsha, kuchemsha kunaua vijidudu tu, chumvi na naitreti vinabaki vilevile na maji yakipungua sufuriani vinazidi, na naitreti nyingi ni hatari kwa kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Bomba lisuuzie shambani, yale maji ya kusuuzia yapulizie kwenye mazao yaleyale uliyotoka kuyapulizia, basi.

Mchanga pia. Toka serikali ianze kuhamia Dodoma 2016 ujenzi umepamba moto, sipingi watu kujenga, ila ule mchanga wa korongoni ndo tanki na ndo chujio, lori likishakomba mpaka kwenye mwamba yule mama hana pa kuchimba. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, na pampu inahitaji kibali cha bonde, yaani ofisi inayosimamia maji ya mto, watu wanaona kama usumbufu lakini bila kibali hatuwezi kujua nani anavuta kiasi gani na kinabaki nini.

Na haiishii Mpwapwa. Kinyasungwe inaungana na Mkondoa, inakuwa Wami, wanalima nayo mpunga Dakawa, Chalinze wanainywa, inamwaga baharini Saadani.

Majibu ya maabara yalipotoka nilimpelekea yule mama mwenyewe, chumvi juu, naitreti juu. Akaniuliza, na wale wa juu wenye pampu umeshawapelekea? Nilikuwa sijawapelekea. Jumatatu yake tukapanda wote kule mashambani, yeye na wenzake watatu, kila mmoja kabeba chupa ya maji anayokunywa.