Pichi halina kosa, angalia moto wako wa chini

Jumamosi nimeletewa tena ile picha. Kipande cha pai kimelala ubavu kwenye sahani, na chini yake dimbwi la rangi ya chungwa. Maelezo yake: "Dada, matunda ya huku Mbeya yana maji mno, hayafai pai. Nasubiri nipate ya Afrika Kusini." Ni wa nne tangu mapichi yaanze kujaa soko la Mwanjelwa, na ndiyo kwanza Desemba. Watatu wa mwanzo niliwajibu kwa upole, mmoja mmoja. Upole umeisha, sasa nawajibu wote hapa.

Pichi, liwe limeota Uyole au ng'ambo, karibu asilimia 89 yake ni maji. Plamu ni 87 hivi. Na hilo tufaha la Afrika Kusini linalong'aa, lenye kibandiko chake, ni 86. Asilimia tatu ndiyo zikuzamishie pai? Ukioka pai ya matunda, kazi yako kubwa ni kupika maji. Anayetafuta tunda kavu akaoke biskuti.

Kinachotuponza ni keki. Wengi wetu tulijifunzia kuoka kwenye mkaa: sufuria kubwa, mchanga chini, sinia la makaa juu. Na tuliambiwa na mama zetu: moto mwingi juu, chini kidogo tu, isije ikaungua kitako. Kwa keki, walisema kweli. Kwa pai, geuza. Unga wa chini wa pai ni mbichi, una siagi ya baridi ndani, halafu umelaliwa na kilo nzima ya matunda mabichi. Ukiupa moto wa kubembeleza, siagi inayeyuka kabla unga haujashika, juisi inashuka, unga unainywa. Huko juu mambo ni mazuri: rangi ya kahawia, harufu imefika kwa jirani, mtoto wa jirani keshafika mlangoni. Unaipua. Chini umeacha uji wa ngano.

Kwa hiyo dakika 20 za mwanzo, theluthi mbili za makaa ziwe chini, theluthi moja juu. Mchanga punguza, ubaki wa kufunika kitako cha sufuria tu. Baadaye ndipo unarudisha makaa juu ili kupate rangi. Mwenye oveni ya umeme aweke pai rafu ya chini kabisa, nyuzi 220, kisha ashushe hadi 190. Chombo kiwe cha bati au alumini. Cha kioo ni kizuri mezani, lakini kinachelewa kupata moto, na hapa tunagombea dakika hizo hizo za mwanzo. Juu kukiwahi kuiva, funika na karatasi ya foili, usiipue.

Rangi haikuambii kitu kuhusu ndani. Chungulia kwenye matundu ya mvuke. Pembeni patatokota mapema, usidanganyike, subiri katikati. Mapovu yakiwa mepesi na ya haraka, hayo bado ni maji. Yakianza kupanda pole pole, mazito, yanapasuka kwa uvivu kama ugali unaotaka kusongwa, wanga uliochanganya na matunda umeshika. Wanga wa mahindi haukazi sawasawa mpaka juisi ikaribie kuchemka kabisa, na sisi tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji yanachemka kwenye nyuzi 94. Njombe, kulikoinuka zaidi, yanachemka chini ya nyuzi hizo kidogo. Ndiyo maana ile "dakika 45" uliyoitoa kwenye mapishi ya mtu wa pwani haikutoshi. Mimi huwa nakaribia saa moja na robo. Lakini saa usiiamini sana: nimewahi kuoka pai mbili siku moja, mapichi ya sado moja, jiko lile lile, zikapishana robo saa. Sababu naitafuta mpaka leo.

Wanga wenyewe ni vijiko vitatu vya chakula kwa kilo ya matunda. Nimesema wanga. Kuna mama aliweka sembe, akanipigia akilalamika kwamba amepata ugali wa mapichi. Sasa alitegemea nini? Wanga wa muhogo naupenda zaidi kwa huku kwetu kwa sababu unashika kwenye joto la chini na juisi inabaki inang'aa, ila uwe wanga uliochujwa, siyo unga wa makopa.

Unga wa pai sina maneno mengi. Siagi baridi, maji baridi, usiukande kama chapati, uache upumzike nusu saa. Basi.

Jambo moja nawakubalia wanaolalamikia maji. Kuna wiki za Januari mvua inanyesha bila kupumzika, na mapichi yanapooza; unauma, unasikia maji tu. Hapo nayakata, nayachanganya na sukari, nayaacha saa nzima yatoe juisi, naichuja na kuichemsha mpaka ibaki nusu, halafu narudisha na limao. Limao kiasi gani, sijawahi kulipatia mara mbili mfululizo, na likizidi linalegeza wanga ule ule ulioutafuta. Mwaka jana nilipoteza pai tatu hivyo. Zililiwa na vijiko, hakuna aliyenung'unika, lakini mimi najua.

Na usiikate ya moto. Saa tatu angalau, kwa sababu wanga unakaza ukipoa. Baba watoto hajawahi kusubiri hata mara moja, na kila mara anashangaa kwa nini kipande chake kinatiririka.

Huyo wa Jumamosi nilimuuliza swali moja tu: makaa uliyaweka wapi?

"Juu, dada. Kama ya keki."