Ufikivu wa bustani za umma ni kitu gani hasa?

Watu wengi wakisikia bustani fulani "inafikika kwa watu wenye ulemavu" picha inayowajia ni rampu ya zege (ile njia ya mteremko inayowekwa badala ya ngazi) pale getini na kile kibao cha bluu chenye mchoro wa kiti cha magurudumu, basi, kazi imeisha. Ila rampu inaweza ikakuingiza vizuri tu ndani ya bustani halafu ukabaki hapohapo getini, manake mbele yako kuna changarawe.

Ufikivu maana yake mtu mwenye ulemavu aweze kutoka barabarani au kituoni, aingie, azunguke, apate pa kukaa, anywe maji, aende chooni, acheze au aangalie wanae wakicheza, halafu atoke, bila kubebwa na bila kusubiri mlinzi aende kutafuta funguo za geti la nyuma. Hapo kwenye kubebwa watu huwa wanabisha sana, eti si tupo, tutamnyanyua. Sawa, lakini wilcheya ya umeme peke yake inaweza kuzidi kilo 100, na hata ingekuwa nyepesi bado mtu mzima hataki kunyanyuliwa mbele za watu kila akitaka kupumzika chini ya mti.

Kwahiyo kinachopimwa ni safari nzima, mwanzo mpaka mwisho. Pakikatika sehemu moja tu vilivyobaki vyote havina kazi.

Tuanze na njia, manake hapo ndo bustani nyingi zinapofeli. Wilcheya ina matairi madogo mbele na hayo ndiyo yanayozama kwenye mchanga na changarawe, mtu anasukuma kwa nguvu zake zote kiti kinageuka tu upande. Njia inatakiwa iwe ngumu, isiyoteleza ikinyesha, na mwinuko wake uwe mdogo. Vipimo vipo vya kuigwa, kwa mfano viwango vya Marekani vya mwaka 2010 vinavyotokana na sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990 vinataka rampu isizidi 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda uwe na sentimita 12 za urefu. Fanya hesabu sasa, ngazi nne za sentimita 15 kila moja ni kimo cha sentimita 60, kwahiyo rampu yake inabidi iwe na mita 7 na kidogo. Zile rampu fupi za mita 2 unazoziona zimemwagwa juu ya ngazi ni za kupigia picha tu, ukishuka nazo unaanguka kifudifudi. Halafu kuna mteremko wa pembeni ambao wengi hawaujui, njia ikilalia upande mmoja kiti kinavutwa huko muda wote na mkono mmoja ndio unafanya kazi yote, ndio maana viwango hivyohivyo vinaishia kama asilimia 2 hivi kwa pembeni. Na vifuniko vya mitaro, aisee! Nafasi zake zikiwa kubwa na zimelala kufuata mwendo, tairi dogo linaingia na kunasa, wakati ni suala la kutumia chenye matundu madogo na kukilaza upande wa pili.

Geti nalo lina kisa chake. Wanaweka vile vyuma vya kuzungusha ili pikipiki zisipite, wazo zuri, ila wilcheya nayo haipiti. Nguzo zilizoachana kama sentimita 90 zinaruhusu kiti kipite, gari linashindwa. Pikipiki bado itapita, ni kweli, hiyo inabaki kazi ya mlinzi.

Asiyeona yeye hana shida na ngazi kama watu wanavyodhani, shida yake ni kujua yuko wapi. Fimbo nyeupe inakagua chini, tawi lililoning'inia usawa wa uso haiwezi kulijua, mtu anashtukia limeshampiga, kwahiyo kupogoa miti ni sehemu ya ufikivu hata kama hakuna anayeiita hivyo. Yale matofali yenye vinundu na mistari unayoyakanyaga kwenye stesheni yalibuniwa Japani na Seiichi Miyake na yakaanza kuwekwa barabarani mji wa Okayama mwaka 1967. Mistari inamwambia endelea, vinundu vinamwambia simama kuna kitu mbele. Fundi akiyapanga kinyume au akayapeleka mpaka kwenye nguzo ya taa (yapo hayo) bora asingeweka kabisa.

Kwa viziwi ni mabango yanayosomeka na tangazo lisiwe la spika peke yake. Kwa mwenye usonji, kona tulivu mbali na muziki inasaidia sana.

Benchi zote zikiwa hazina pa kuegemea wala mikono, mzee mwenye magoti mabovu akikaa kunyanyuka ni mtihani. Pembeni ya benchi iachwe sehemu tupu iliyosakafiwa ili mwenye wilcheya akae sambamba na wenzie badala ya kuegeshwa njiani mbele yao. Na choo kiwe na nafasi ya kugeuza kiti, kipenyo cha mita 1.5 hivi, kisiwe stoo ya mafagio na ndoo.

Uwanja wa watoto ndo unasahaulika kuliko vyote wakati Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 30, umetaja kabisa haki ya mtoto mwenye ulemavu kucheza kama wenzie. Bembea moja maalum iliyofungiwa kona yake siyo kucheza na wenzie. Pembea la kuzunguka lililo usawa wa ardhi, meza ya mchanga iliyoinuliwa magoti ya mtoto yaingie chini yake, sakafu ya mpira badala ya mchanga, hapo wanachanganyika.

Gharama? Ukipanga toka kwenye mchoro unalipia kidogo, kuja kubomoa baadae ndo kunauma. Na kabla mchoro haujapitishwa waite wenye ulemavu tofautitofauti waupitie, halafu njia ikishamwagwa waite tena waipite kabla mkandarasi hajalipwa hela yake ya mwisho, manake akishalipwa, hata fundi wa kurekebisha kifuniko cha mtaro hutomuona tena.