Kuzima ishara ya ukuaji si kuzima saratani ya mfupa

Wengi wakisikia kuna dawa inayozuia "ishara ya ukuaji" katika saratani ya mifupa, hudhani ni kama kuzima taa: bonyeza swichi, uvimbe ufe. Sivyo.

Chukua osteosakoma, aina ya saratani ya mfupa inayowapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka, mara nyingi karibu na goti. Ndani ya seli zake, protini iitwayo mTOR hupokea taarifa kwamba virutubisho na vichocheo vya ukuaji vipo, kisha huiamuru seli ijijenge na kugawanyika. Dawa za jamii ya rapamisini huibana. Tatizo ni kwamba mTOR hiyohiyo, ikiwa kazini, hurudi nyuma na kuzituliza ishara zilizoiamsha. Ukiifunga, breki hiyo nayo inaachia, AKT, protini nyingine inayosukuma ukuaji, inachangamka, na seli inapata njia ya panya.

Ndiyo maana watafiti walijaribu kuunganisha everolimasi, ya jamii hiyo ya rapamisini, na sorafenibu, inayozuia ishara nyingine za ukuaji, wazibe njia zaidi ya moja. Baadhi ya wagonjwa ugonjwa ulitulia kwa muda. Kutulia si kupona. Tiba ya msingi bado ni kemotherapi na upasuaji. Dawa hizi hujaribiwa hasa ugonjwa unaporudi, jambo ambalo vichwa vya habari hupenda kuliruka.