Kompyuta iliyozima hainitishi

Gatini Manda, tukingoja boti ya kuvukia Lamu mjini, bibi mmoja aliyekuwa abiria kwenye ndege ninayorusha akaniuliza: "Mwanangu, ile kompyuta ya njia ikizima, si mwatupeleka Somalia?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini swali hilo nimeshalijibu mara nyingi mno, tena nikiwa nimebeba begi juani. Safari hii naandika.

Kwanza, ndege haianguki. Kompyuta hiyo hainyanyui bawa wala haigusi injini zetu. Yenyewe inahesabu tulipo na kuchora mstari wa tuendako, na otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege badala ya mkono wa rubani, inaufuata. Na ziko mbili. Zikifa zote, otopailoti inashika uelekeo tu, mimi naisimamia, mwenzangu anafungua VOR na DME, yaani redio zinazotuonyesha upande na umbali wa kituo cha ardhini, tunawaarifu waongozaji wa ndege. Basi.

Malindi hadi Manda ni kama maili 75 za baharini. Kwa noti 180, yaani maili 180 za baharini kwa saa, ni dakika 25. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikitusukuma kwa noti 20 ni 22 na kitu. Kosa la digrii moja linakutoa njiani maili moja kwa kila maili 60. Nikikosea digrii tano nitakuwa nje kwa maili sita hivi, na siku isiyo na mawingu michanga ya Shela naiona kabla ya hapo. Babu zetu walikwenda Uarabuni na jahazi, wakarudi.

Sasa linaloniudhi. Kila mtu anaogopa kompyuta ikizima, hakuna anayeogopa kompyuta inayofanya kazi. Iliyozima inakuambia wazi: mimi sipo, jitegemee. Yenye hatari ni ile inayoendelea kukuchorea mstari mzuri wa rangi, uongo mtupu. Mwaka 1995, karibu na Cali, Kolombia, marubani wa Boeing 757 waliandika herufi R wakikusudia mnara wa redio wa kuongozea ndege uitwao Rozo, uliokuwa mbele yao. Kompyuta ikachukua mnara mwingine, Romeo, uliokuwa upande wa Bogotá, ikageuza ndege kuelekea huko. Kompyuta haikuharibika hata kidogo, ilitii. Ndege ikagonga mlima usiku, wakafa watu 159.

Nami yangu ninayo, ndogo. Tulikuwa juu ya Ghuba ya Ungwana, tumeshaiacha Ngomeni nyuma. Bawa la kulia likainama, taratibu, kama mtu anayesinzia. Kwenye skrini ufuo ulikuwa umetusogelea, karibu chini ya matumbo yetu. Dirishani ufuo ulikuwa mbali kushoto, na mdomo wa Tana kule Kipini ukimwaga maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kompyuta iliamini tumekwenda bara mno, ikawa inatusogeza baharini kuturekebisha. Ilikuwa imepoteza setilaiti na kuanza kukisia. Nikaitoa kwenye otopailoti, nikashika uelekeo kwa mkono, tukaendelea na saa, ramani na macho.

Mafundi waliponiuliza kama ilitoa onyo, nilitamani niseme hapana. Ilitoa. Maneno madogo chini ya skrini, dakika chache kabla. Niliyaona nikayafuta, kwa sababu maneno kama hayo hutokea na kupotea, na mkono umezoea kufuta kuliko jicho kusoma. Ingekuwa usiku, bila Tana ya kunishtua, ningechukua muda gani kugundua? Sijui, na hilo ndilo linaloniamsha, si skrini nyeusi.

Tena nikiri jingine: dira ya sumaku. Tulisomea vitabu vilivyoandikwa kwa anga ya Ulaya, ambako dira inadanganya sana ukikata kona. Huku karibu na ikweta inadanganya kidogo, na upande wa kinyume. Kwenye mtihani najua jibu. Ndege ikitikisika, inabidi nifikiri kwanza.

Bibi nilimweleza haya kwa ufupi, hadi boti ikafika. Akashika mkono wangu kupanda, akakaa, akajifunika buibui vizuri.

"Basi nikirudi Lamu tena, nitafutie kiti cha kushoto," akasema. "Niitazame hiyo Kipini mwenyewe."